Higher Summits Forecast ya Mount Washington: kabla upande White Mountains msimu wa theluji za kwanza, soma hii

Kila Oktoba miti ikianza kugeuka rangi huku New England, grupu yetu ya WhatsApp ya watu wa kupanda milima inajaa skrinshoti za hali ya hewa, na karibu zote ni za ile app imekuja na simu, mvua kidogo nyuzi tisa, halafu mtu anauliza je Jumamosi twende mlima Lafayette, kule White Mountains za New Hampshire, ama tungoje. Wacha nijibu hapa mara moja kwa urefu. Kwa mambo ya mlima achaneni na app ya simu. Tumieni Higher Summits Forecast, yaani utabiri wa vilele virefu, ya Mount Washington Observatory, kituo cha hali ya hewa kilicho juu kabisa ya huo mlima. Ni ya bure, inatoka kila siku, na kwa hii miezi ya theluji za mwanzo, kuanzia mwisho wa Septemba mpaka Novemba, sijaona kitu cha kuikaribia.

Kwa wale hawaujui huu mlima, Mount Washington uko New Hampshire na una mita 1917. Najua mtu wa kwetu akisikia hiyo namba haimtishi hata kidogo, mji mzima wa Nyahururu kule Kenya uko juu kuliko hapo na watu wanauza viazi, na wengi wetu tulienda Point Lenana ya Mlima Kenya tukiwa vijana, hiyo ni 4985. Lakini urefu sio mambo hapa. Huu mlima ndio mrefu kuliko yote kaskazini mashariki mwa Marekani, uko mahali njia za dhoruba zinakutana, na upande wa magharibi hakuna kitu kikubwa cha kuzuia upepo. Tarehe 12 Aprili 1934 watu wa hicho kituo walipima upepo wa maili 231 kwa saa, yaani kama kilomita 372, na ikabaki rekodi ya dunia mpaka 1996 kimbunga kilipopiga kisiwa cha Barrow kule Australia. Theluji inayoanguka juu kwa mwaka ni kama mita saba. Na imeshawahi kuanguka kila mwezi wa mwaka, Julai na Agosti zikiwemo, kwa hivyo mtu akikuambia Oktoba bado ni mapema kwa theluji huyo anaongea habari za mji wa chini kama Lowell, haongei habari za mlimani.

Sasa kwa nini hii forecast ni tofauti. Kituo kilianzishwa 1932 na mpaka leo kuna watu wanaishi kule juu kabisa, zamu ya wiki nzima, wanabadilishana Jumatano, na kila saa usiku na mchana mmoja wao anatoka nje kuangalia mawingu, kusoma vipimo, na kama barafu imeshika mitambo anapanda juu ya mnara kuipiga mpaka itoke. Kila baada ya masaa sita wanabeba ule mkebe wa kupokea mvua na theluji kuupima. Hao hao ndio wanaoandika utabiri. Kwa hivyo ukisoma pale kwamba usiku mvua itageuka theluji, aliyeandika ametoka nje muda si mrefu, anajua mwamba una baridi kiasi gani, na anaona kwa macho yake ukungu umeanza kuganda ama bado. Kompyuta wanazo pia, wanaangalia modeli zile zile wanaangalia wengine wote, lakini mwisho wa yote kuna binadamu anayeukaa huo mlima na anaamua. Mimi hapo ndipo naweka imani yangu.

App ya simu inakupa hali ya mji. Hata zile saiti nzuri za serikali za kubonyeza kwa ramani, zinagawanya nchi kwa viboksi vya kilomita mbili na nusu hivi, na ndani ya kiboksi kimoja kunaweza kuwa na bonde, msitu na mgongo wa mlima vyote pamoja, kwa hivyo kilele kinasawazishwa. Hesabu yenyewe si ngumu, kila ukipanda mita 1000 joto linashuka kama nyuzi sita na nusu hivi kwa wastani. Mji wa North Conway kule bondeni wakiwa na nyuzi nane na mvua ya rasharasha, kilele cha Washington kiko karibu mita 1750 juu yao, utoe kama nyuzi kumi na moja, unapata tatu chini ya sifuri. Ile ile mvua unayoisikia kwa paa la gari ni theluji kule juu. Halafu hii ya mwanzo wa msimu ni ngumu kutabiri kuliko ya Januari, kwa sababu Januari kila mtu anajua ni theluji, swali ni ngapi tu, lakini Oktoba nyuzi moja au mbili ndizo zinaamua kama ni mvua, ama theluji, ama mbaya kuliko zote, mvua ya kwanza inayolowesha mawe, baridi inaingia mawe yanaganda, kisha theluji inakuja kufunika ile barafu huioni tena.

Kitu kingine nimejifunza na ningependa sana wenzangu waliokulia karibu na Mlima Kenya ama Kilimanjaro wakishike. Sisi tumezoea mlima wa saa. Unaamka usiku wa manane, unafika juu jua likitoka, kuko wazi, mchana mawingu yanapanda, wewe ushashuka. Huku haiendi hivyo. Hali ya hewa huku inakuja kwa mawimbi kutoka magharibi na kutoka Kanada, inaweza kuwa mbaya alfajiri na nzuri saa nane mchana, ama siku tatu mfululizo hakuna wazi hata dakika. Hewa baridi ikishapita, upepo wa kaskazini magharibi unabeba unyevu kutoka yale maziwa makubwa ya huku Marekani, Great Lakes, unagonga milima, unalazimika kupanda, unapoa, na unamwaga theluji kwa vilele wakati huko chini Boston jua linawaka na watu wamevaa tisheti. Kuamka mapema hakukuokoi hapo. Kinachosaidia ni kusoma.

Na kusoma kwenyewe ni hivi. Juu kuna aya moja ama mbili za maelezo, wanaeleza mgandamizo wa hewa uko wapi, unaenda wapi, kitu gani kinaweza kuharibika. Watu wengi wanairuka hii aya wanaenda kwa namba. Msiiruke! Hapo ndipo mtabiri anakuambia ana uhakika kiasi gani, kama ule mstari wa kuganda, yaani kimo ambapo joto linafika sifuri, unaweza kuchelewa ama kuwahi kushuka, na ni saa ngapi mambo yanageuka. Baada ya hapo inakuja leo, usiku huu na kesho, kila moja na mistari minne. Wa kwanza ni mawingu na kinachoanguka, watasema kama vilele vitakuwa ndani ya mawingu, ama vinaingia na kutoka, ama viko nje kabisa, na kama kuna theluji ya kurundika wataweka inchi. Wa pili ni joto. Wa tatu upepo. Wa nne ni vile hiyo baridi itasikika kwa ngozi ukichanganya na upepo.

Mimi naanza na upepo, theluji baadaye. Inchi mbili za theluji peke yake zinapendeza, unavaa vile vyuma vya kufunga chini ya kiatu unatembea. Lakini inchi mbili pamoja na upepo wa maili hamsini ni kitu kingine kabisa, kwa sababu theluji haikai pale ilipoanguka, inasombwa kutoka kwa miamba iliyo wazi inajaa kwa mashimo na vichaka mpaka kwa goti, vile vilundo vya mawe vinavyoonyesha njia vinavikwa barafu nyeupe ya ukungu vinafanana na kila kitu, na wewe uko ndani ya wingu. Joto la nyuzi tano chini ya sifuri na upepo wa kilomita 80 kwa saa linasikika kama kumi na saba chini ya sifuri. Ukiwa umelowa jasho na umevaa jinzi ya pamba, huo sio mchezo. Kwa hivyo mimi nikiona ndani ya mawingu, theluji, na upepo kuanzia maili arobaini kwenda juu, yote kwa siku moja, nabadilisha mlima. Hiyo ni kanuni yangu mimi, mwenye uzoefu zaidi anaweza kuwa na yake.

Mwaka mmoja katikati ya Oktoba tulikuwa tumepanga ule mzunguko wa Franconia Ridge, unapanda kwa njia ya Falling Waters, unapita kilele cha Lafayette, unashukia kibanda cha Greenleaf Hut na njia ya Old Bridle Path, kilomita 14 hivi. App za watu zote zilisema manyunyu tu. Forecast ya kituo asubuhi hiyo ikasema theluji za kuja na kupita, ndani ya mawingu, upepo maili hamsini mpaka sabini. Kulikuwa na dada mmoja alikuwa ametoka mbali na amelipa mtu wa kumuangalilia watoto, hakutaka kusikia habari ya kubadilisha mlima, na namuelewa kabisa. Tukakubaliana tuende Lonesome Lake, upande wa pili wa barabara, ndani ya miti. Kwa maegesho mvua, nusu ya njia mvua imechanganyika na punje nyeupe, kufika ziwani theluji nyepesi inayoyeyuka ikigusa matope. Kutoka pale ziwani unautazama ule mgongo wa Franconia moja kwa moja, na wingu lilipopasuka kidogo tuliona miti ya chini bado ni nyekundu na manjano, halafu mstari umekatwa kama kwa rula, juu ya hapo kote kweupe. Ule mstari ulikuwa chini ya pale miti inapoishia. Baadhi yetu wangekuwa huko na viatu vya kukimbilia. Dada alipiga picha nyingi sana, na tangu siku hiyo ndiye anatutumia forecast saa kumi na moja asubuhi kabla mtu yeyote hajaamka.

Kuna kitu kingine kwa saiti yao watu hawakijui nacho mimi nakipenda karibu kama forecast yenyewe. Wameweka vituo vidogo vya kupima kandokando ya ile barabara ya magari ya kupanda Washington, Auto Road, kwa urefu tofauti tofauti kutoka chini mpaka juu, na unaona joto la kila kimo kwa wakati huo huo. Kwa msimu huu hii ni dhahabu. Unaangalia sifuri iko wapi sasa hivi, baada ya saa moja unaangalia tena, ukiona inashuka unajua theluji inakufuata chini. Wakati mwingine utakuta kinyume, bonde lina baridi kuliko kati ya mlima kwa sababu hewa baridi imelala chini usiku, na hapo ile hesabu yangu ya nyuzi sita na nusu haifanyi kazi. Hiyo app ya simu haiwezi kukuonyesha.

Mapungufu yapo. Inaangalia mbele kama siku mbili tu, kwa hivyo ukitaka kupanga wikendi ukiwa Jumanne haitakusaidia, angalia zile za masafa marefu kwa picha ya jumla halafu uamuzi ufanye Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi. Vipimo ni Farenhaiti, maili na inchi. Sifuri yetu ni 32 yao, na kwa haraka toa thelathini gawa kwa mbili utakuwa karibu. Kiingereza cha ile aya ya juu ni kizito, chukua muda, baada ya wiki chache maneno yanajirudia. Halafu ni forecast ya vilele vyote virefu vya White Mountains kwa pamoja, haikuambii njia yako ikoje, kama mto wa Falling Waters umejaa, kama theluji ya juzi bado ipo kwa kivuli. Kwa hayo soma ripoti za waliopita hiyo njia jana ama juzi. Na giza halimo kwa forecast lakini ni lenu kulikumbuka, sisi tumezoea jua linazama karibu saa ile ile mwaka mzima, huku saa zikishabadilishwa mwanzo wa Novemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, na theluji inakupunguzia mwendo karibu nusu. Tochi ya kichwa mbili, sio moja.

Nyota naipa tano kati ya tano, na bure yake isiwafanye mdhani haina gharama, ni shirika lisilo la faida, linaishi kwa wanachama na michango, ukiweza kutoa kitu toa. Mtandao kule Franconia Notch na Pinkham Notch, yale mapito kati ya milima, ni wa kubahatisha, piga skrinshoti ya forecast kabla hujatoka nyumbani. Na mkiwa bado mko kwa simu nunueni Hike Safe Card ya New Hampshire, dola 25 mtu mmoja na 35 familia, pesa inaenda kwa waokoaji, na ukiokolewa hawakudai gharama isipokuwa kama ulijiingiza hatarini bila kujali kabisa ama kwa makusudi. Wa Jumamosi hii nitumieni majina kufikia Alhamisi, tutaamua njia Ijumaa usiku forecast ya jioni ikishatoka.