Seli za mji wa mimba: kuzitandaza au kuzikuza viduara?

Shangazi yangu wa Ujiji, mkunga wa siku nyingi, huniuliza kiinitete kinajishikizaje kwenye ukuta wa mji wa mimba. Maabara hulitafuta jibu kwa njia mbili.

Ya zamani: seli hutandazwa kwenye kisahani, bapa kama chapati. Unaweka kiinitete juu, unatazama. Nafuu, ila seli hizo hupoteza umbo lake upesi na huacha kuitikia homoni vizuri.

Ya pili, iliyotangazwa 2017 na watafiti wa Cambridge, Uingereza, na Leuven, Ubelgiji, ni oganoidi: viduara vya seli hizo vyenye uwazi ndani, kama andazi lililoumuka. Huitikia estrojeni na projesteroni, hudumu miezi. Mimi naegemea huku. Kasoro yake inachekesha lakini: uso wa kumpokea mgeni, yaani kiinitete, umegeukia ndani! Ndiyo maana wengine huvivunja viduara, wakazitandaza seli upya.