Kibomba cha kuitia kulungu kutoka Marekani: nimekitumia pori la Liwale, uzoefu wangu huu hapa

Hii ni kwa wale wanaoangalia video za Wamarekani, jamaa kakaa juu ya mti, anapuliza kibomba mara mbili halafu kulungu dume mwenye pembe zilizochanua kama matawi ya mkorosho anatokea mbio mpaka chini ya mti, na wewe unajiuliza hii kitu kwetu si ingekuwa kiboko. Nami nilijiuliza hivyohivyo. Kazi yangu ni kufuata nyayo kwenye vitalu vya uwindaji wa kitalii upande wa Liwale, bunduki sibebi, nabeba maji, panga na kijimfuko cha majivu ya kupimia upepo. Kibomba niliachiwa na mgeni mmoja wa Marekani alipomaliza safari yake, na lile kopo la mlio wa jike nikaliagiza mwenyewe mtandaoni kupitia wakala wa Kariakoo. Kwao huko ni kama dola 20 hivi kimoja, ila mpaka kifike Lindi na basi hela imeshaongezeka vya kutosha na wakala alinizungusha hadi nikaanza kuona nimeliwa.

Kifaa chenyewe kimetengenezwa vizuri, hapo sina neno. Ni bomba la plastiki la kushika mkono mmoja, mbele lina mpira wa mikunjo unaouvuta unarefuka, ndani kuna kiulimi chembamba cha plastiki na ringi ya raba. Ukiisogeza ringi mlio unabadilika, wa mtoto, wa jike, mpaka dume zima, ule mkoromo mfupi mzito. Kopo ndo rahisi zaidi, unaziba tundu kwa kidole, unalipindua, kitu kizito cha ndani kinashuka taratibu kinasukuma hewa, linalia meee. Siku nalijaribu kambini mpishi katoka jikoni na mwiko mkononi anauliza mbuzi kaletwa na nani, maana kule mbung'o wamejaa, mbuzi humuoni mpaka urudi mjini, na mzee wa watu alishaanza kupanga supu.

Sasa tuwe wakweli. Hivi vitu vimetengenezwa kwa ajili ya kulungu wa kwao, yule mwenye mkia mweupe, na Tanzania ukoo ule hatuna kabisa, Afrika nzima kwa asili wapo kule Algeria na Tunisia tu. Mgeni wangu alinielewesha vizuri, kwao majimbo mengi msimu wa kupandana unapamba moto Novemba, dume wakati huo hata kula hali vizuri, anazunguka anatafuta majike, akisikia dume jingine linakoroma kwenye eneo lake anakuja na hasira zake. Wengine wanachukua pembe mbili wanazigonganisha kuigiza madume yanapigana, Texas wanasifika sana kwa staili hiyo. Ujerumani wana kulungu wadogo, hao wanaitwa kwa filimbi inayoigiza jike, mwishoni mwa Julai na Agosti. Nje ya muda huo unaweza kupuliza mpaka mashavu yaume, mnyama anainua kichwa anakuangalia anaendelea kula. Yaani mnyama haji kwa sababu mlio ni mzuri, anakuja kwa sababu ana shida yake muda ule, na ukishalishika hilo utaelewa kwa nini huku kwetu nusu ya hiki kifaa ni bure na nusu ni moto.

Nianze na ya bure. Mkoromo wa dume kwa swala pala ni kupoteza pumzi, madume yao yakigombea majike yananguruma kwa kifua kizima, hiki cha plastiki hata hakisogelei, waligeuza masikio basi wakaendelea na majani yao. Kwa pongo ndo hasara kabisa, alibweka mara moja akaingia kichakani, na pongo akibweka ujue bonde zima limeshapata taarifa, fungasheni muhame. Tohe naye usimpelekee kitu chochote chenye sauti kali nyembamba, maana mluzi wa puani ndo king'ora chao, ukikosea ringi kidogo umewaambia wenyewe wakimbie.

Ila kuna sehemu moja mkoromo umenifurahisha. Mnyama anatembea, mwindaji bingwa ameshamwonyesha mgeni, mgeni yuko tayari kwenye mti wa kuegemezea bunduki, kinachotakiwa ni mnyama asimame sekunde mbili tatu. Hapo mkoromo mmoja mfupi, wa chini, anasimama na kugeuka. Zamani tulikuwa tunapiga mluzi wa mdomo, wengine wanashtuka wanaruka, huu mkoromo haushtui kihivyo, unawafanya washangae tu. Mwindaji bingwa wetu siku hizi kabla gari halijawashwa ananiuliza kibomba kiko wapi.

Sasa tuje kwenye moto wenyewe, mlio wa mtoto. Tulikuwa pembeni ya mto Matandu, kiangazi, majani makavu, asubuhi kabla jua halijakaa sawa. Nilitikisa kimfuko, majivu yakaja usoni kwetu, maana yake upepo unatoka kule kichakani unakuja kwetu, safi. Tulikuwa na mzee mmoja wa kule anayejua hilo pori kuliko ramani, akanikataza nisipulize kwanza. Akabana pua na vidole viwili akatoa sauti ya puani, nyaaa nyaaa, inakatika katika, kama kitoto kimeshikwa. Kimya. Akarudia. Basi bwana, nsya jike, yule swala mdogo wa vichakani, huyo hapo, anakuja huku anapiga miguu chini, shingo imenyooka, pua inacheza, akasimama hatua chache mbele ya mgeni mpaka unaona yale machozi meusi chini ya jicho lake. Mgeni alikuwa na kamera tu siku ile, alipiga picha mikono inatetemeka. Tulivyohama sehemu nikajaribu kibomba kwenye ringi ya mtoto, akaja mwingine, ila akasimama mbali na akakaa kidogo tu. Kopo halikuleta kitu, mlio wake ni mrefu na mtulivu mno, ni jike anaita, sio mtoto analia. Kwa funo kwenye vichaka vizito huku karibu na pwani mlio wa mtoto pia umeleta majibu, ila funo ni mwoga, unaweza kusikia majani yanachakacha pale pale na usimuone mpaka unaondoka.

Kwa hiyo pua ya mzee imeishinda plastiki ya dola 20, na pua haihitaji wakala wa Kariakoo. Kibomba kinamzidi kitu kimoja tu, mtu kama mimi ambaye sauti ile haitoki hata nifanyeje naweza kuipata.

Halafu kuna jambo ambalo kwenye maelezo ya boksi hawajaandika, na kwao pengine sio issue sana. Mtoto wa nsya akilia hasikiwi na mama yake peke yake. Siku moja tumekaa tunaita, ngedere nyuma yetu wakaanza kelele, ile kelele yao ya kumtukana mtu, askari wanyamapori akanigusa bega tusimame. Tuliporudi kwa njia tuliyojia tukakuta nyayo za chui zimekanyaga juu ya nyayo zetu, mbichi, vumbi la pembeni halijashuka. Alikuwa anakuja kula. Na sisi watu wa kusini tunajua hadithi za simba, sio hadithi hata, utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2005 ulihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990, na Lindi ni kati ya mikoa iliyoumia sana. Sasa wewe jitie ujanja ukae peke yako kwenye nyasi ndefu unalia kama kitoto cha mnyama kilichoshikwa. Mimi sipulizi hiyo ringi bila mgongo wangu kuwa kwenye mti mkubwa na mtu mwenye bunduki anaangalia nyuma.

Kuhusu kuita kwenyewe, huku hatukuanza leo wala hatukufundishwa na video. Ng'ambo ya mto Ruvuma, Niassa kule Msumbiji, Wayao warina asali wana mlio wao wa kumwita ndege wa asali, brrrr halafu hm, na watafiti waliupima wakaandika mwaka 2016 kwamba ukitumia mlio huo nafasi ya ndege kukuongoza mpaka kuuona mzinga wa nyuki inapanda kutoka kama asilimia 16 hadi 54. Ndege anakuja kwa sababu anajua atabakishiwa nta. Ni yaleyale ya kulungu wa Novemba na nsya mwenye mtoto.

Uimara sasa. Kwao tatizo ni baridi, mate yanaganda kwenye kiulimi mlio unakata. Kwetu ni vumbi na joto. Vumbi la barabara ya Nangurukuru linaingia mpaka kwenye mikunjo, likichanganyika na mate kiulimi kinagandia, unapuliza inatoka hewa tupu. Mimi nafungua naosha kwa maji ya chupa, nakausha kivulini, naweka kwenye soksi. Usikiache juu ya dashibodi ya Land Cruiser mchana, changu kiulimi kilijikunja kidogo na toka hapo mlio wa dume umekuwa kama mtu ana mafua. Kiulimi cha akiba sijakipata popote hapa nchini. Kopo halina shida hiyo, ila siku hizi limebaki kambini, watoto wa mpishi wanalichezea.

Nikitoa alama, kibomba 6 kwa 10, nusu ya hizo ni kwa kusimamisha mnyama. Kopo 2. Programu za simu zenye milio nilijaribu na kispika cha bluetooth, sauti ni kali kama redio na milio ni ya wanyama wa kwao, sijairudia.

Na wanaotaka kununua ili waingie nacho porini kimyakimya, acheni. Uwindaji ni kwa leseni, nendeni TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, mkaulize utaratibu, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inabana hata njia za kuwindia, sumu, mitego, nyavu, mbwa, taa za usiku, vyote bila kibali cha maandishi ni kesi. Ukitaka kwa ajili ya picha, tafuta muongozaji anayelijua pori husika, pori la akiba la Lukwika-Lumesule kule Nanyumbu au huku kwetu, na kabla hujalipa dola zako muulize kwanza kama anajua kubana pua.