Uzoefu wangu: Warsha ya uongozi kwa wanaohudumia familia za askari, Mwanza

Kina mama wa kota, nyumba za askari, wananiuliza kama ile warsha ina maana yoyote, na kama kikundi kitoe tena fedha ya mfuko wa jamii kumpeleka mtu mwingine. Jibu langu ni kitoe, na safari hii aende mama ambaye mumewe yuko nje ya nchi sasa hivi. Ila nataka nieleze vizuri, maana yapo niliyoyapata pale ambayo sikuwahi kuyasikia kokote, na yapo ambayo waandaaji wanapaswa kuyarekebisha kabla hawajachukua ada ya mtu mwingine.

Mume wangu ni askari wa JWTZ, nami ni mwenyekiti wa kikundi cha wake wa askari hapa Mwanza. Kambi siitaji, haihusiani na ninayoyasema. Mwanamke akijifungua usiku, mtoto akizidiwa, mume akiwa misheni na fedha ya matumizi ikakwama, mlango unaogongwa ni wangu. Hakuna aliyetufundisha kazi hii. Unachaguliwa kwa sababu una sauti na una huruma, basi, mengine utajua mwenyewe. Ndiyo maana niliposikia kuna mafunzo ya viongozi wa huduma za familia za wanajeshi, hapahapa Mwanza bila kufunga safari ya Dar es Salaam, niliomba kikundi kinisaidie.

Ukumbi ulikuwa upande wa Capri Point, ziwa liko mbele yako. Wa Bukoba walikuja na meli ya usiku, wa Musoma na basi. Wenzetu wa Geita na Sengerema walifika mapema kuliko sisi wa mjini, kwa kuwa tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hawapangi tena foleni ya kivuko. Tulikuwa mchanganyiko mzuri: wake wa askari, maafisa ustawi wa jamii, muuguzi, padri, shehe, na wastaafu kadhaa. Wawezeshaji walikuwa wawili, afande mmoja mstaafu na dada mmoja mshauri nasaha.

Mada ya kwanza, aina za viongozi na sifa za kiongozi bora, naipita. Ni ileile ya kila semina. Kilichonifanya nione kwamba fedha ya kikundi imekwenda mahali pake ni mada ya habari mbaya.

Afande alitugawa kwa meza, kila meza ikapewa ujumbe kama unavyokuja kwenye makundi ya WhatsApp: vijana wetu wamepigwa Kongo, inasemekana wa kambi ya hapa wamo. Hapo hapo yule dada mshauri akaanza kupita mezani akiigiza mke aliyechanganyikiwa, analia, anataka kujua kama mumewe yupo kati yao. Tulijua ni zoezi, lakini chumba kilibadilika. Meza moja ilianza kutafuta majina. Nyingine ikampa pole kana kwamba mume ameshakufa. Mama mmoja alitoka nje kabisa, na hakuna aliyemshangaa, maana wengi tulikuwepo Desemba 2017. Tarehe 7 mwezi ule kambi ya walinda amani ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilivamiwa na tukapoteza askari wasiopungua 14, wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Waliokuwa kota siku zile wanakumbuka jinsi simu zilivyokuwa zinalia na kila mke anaogopa kupokea. Ikajirudia Januari 2025 mji wa Goma, hukohuko Kongo, ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 wakati vijana wetu wa kikosi cha SADC wakiwa upande ule.

Afande alisimamisha zoezi akatuacha tukae kidogo, kisha akasema kiongozi wa familia hatangazi kifo. Hata akiwa amesikia kwa mtu wa uhakika, hatangazi. Kutangaza ni kazi ya jeshi, na inafanywa na mtu aliyetumwa, amevaa sare, ana kwa ana. Kazi ya kiongozi katika saa zile za kusubiri ni nyingine, naye alitufundisha namna ya kuisema. Unamwambia mwenzio: mama fulani, nimesikia kama ulivyosikia wewe. Uthibitisho sina. Naenda kumuuliza afisa wa zamu, na saa kumi nitakuwa hapa kwako, hata kama sijapata jibu.

Hapo kwenye kurudi hata kama huna jibu ndipo nilipoielewa kazi yangu. Wengi wetu tukikosa jibu tunajificha. Tunazima simu, tunapita njia ya nyuma, kwa sababu tunaona aibu kwenda mikono mitupu. Kumbe yule mama akiona hujatokea saa kumi anajijibu mwenyewe: wamejua, wanaogopa kuniambia. Kutokuja kwako kunakuwa ndiyo taarifa. Tulilifanyia mazoezi jambo hili hadi likaingia mwilini: kusema sijui bila kupepesa macho, kutaja saa, na kurudi saa ileile.

Yule dada mshauri akaongeza mambo matatu ambayo Shirika la Afya Duniani linayafundisha kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama usalama wake na nani anahitaji msaada wa haraka. Sikiliza bila kumlazimisha asimulie. Muunganishe na huduma na watu wake. Alitukataza kabisa maneno ya "jikaze, wewe ni mke wa mwanajeshi". Nimeyasikia maneno hayo kwenye misiba mingi ya kota, na sitayaruhusu tena ninapokuwepo.

Mifano mingine ilitoka Marekani. Walitueleza kuhusu jeshi la majini la kule, ambalo tangu 1970, chini ya Admirali Elmo Zumwalt, lina utaratibu wa kamanda kumteua rasmi mtu wa kuziunganisha familia na uongozi, na kwa kawaida anakuwa mke au mume wa mwanajeshi. Anafundishwa, anajitolea, na siri za watu anazitunza. Nilipenda neno hilo "rasmi". Mimi nikienda kwa afisa wa zamu naingia kwa hisani yake. Yule wa Marekani anaingia kwa sababu kamanda mwenyewe amemweka.

Lakini hapa nina neno. Utaratibu wa kule umejengwa juu ya mke, mume na watoto. Kwetu askari ana ukoo. Mama mmoja wa Magu aliuliza swali ambalo halikujibiwa sawasawa: jeshi likifika kwa mke aliyeandikwa kwenye fomu, mama mzazi aliyeko Kwimba atajua lini, na kwa mdomo wa nani? Mwezeshaji alisema hilo ni la familia. Si la familia peke yake. Tumeona mama mkwe akisikia habari sokoni, na chuki iliyozaliwa siku ile ikaja kumla mjane wakati wa mirathi. Padri ndiye aliyelisaidia swali hilo, akasema kabla askari hajaondoka, mke na mume wakae waandike nani atampigia baba, nani atakwenda kijijini kwa miguu yake, na namba hizo zikae kwa watu wawili. Hilo tumeshaanza kwenye kikundi chetu.

Nimseme na bibi wa Muleba. Alikuja kama mgeni mwalikwa, shikamoo zilimzunguka chumba kizima. Mumewe alikwenda vitani 1978 Idi Amin wa Uganda alipoivamia Kagera, na hakurudi wala hakuletwa. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, anakwenda Kaboya kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile, anasimama mbele ya majina, kisha anarudi nyumbani. Alisimulia jinsi habari zilivyokuja kwa redio na kwa barua, na jinsi Mwanza nayo ilivyotikisika Machi 1979, ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ilipoulenga mji na makombora yake yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama wa bustani iliyokuwapo pale. Kisiwa chenyewe tulikuwa tunakiona dirishani.

Yule dada akatumia habari ya bibi kutufundisha kuhusu msiba usio na kaburi. Hali hii ilichunguzwa Marekani kwa familia za marubani waliopotea Vietnam: mtu hayupo, lakini huwezi kusema amekufa, kwa hiyo hulii ukamaliza na husubiri ukapata. Alisema usimshinikize mtu wa namna hii "akubali". Mruhusu ashike yote mawili. Niliwafikiria pia ndugu zetu wa Ukara baada ya kivuko cha MV Nyerere kuzama, na wale wa meli ya MV Bukoba iliyozama 1996, ambao miili mingine haikutambuliwa ikazikwa pamoja Igoma. Kumbe mada hii ni ya watu wa ziwa wote, askari na wavuvi. Kama kuna saa moja ya warsha ambayo ningependa kila mwenyekiti wa mtaa aisikie, ni ile.

Mada ya safari na kurudi nayo ilikuwa nzuri. Walituonyesha vipindi vitano ambavyo familia hupitia: kabla ya kuondoka, mwezi wa mwanzo, katikati, siku za kukaribia kurudi, na baada ya kurudi. Wake wengi walicheka kwa nafuu waliposikia kwamba ugomvi wa siku za mwisho kabla ya safari ni wa kawaida, kwamba watu wanaopendana hugombana ili kuachana kusiwaume. Nilichokichukua zaidi ni cha kurudi. Sisi tunapika pilau, tunashangilia, tunadhani yameisha. Lakini nyumba imejifunza kuishi bila baba, mtoto wa miaka miwili anamkimbia, mama ameshazoea kuamua ada na matibabu peke yake, na baba anataka kushika usukani kuanzia jioni ileile. Walisema kiongozi azitembelee familia wiki kadhaa baada ya pilau, si siku ya pilau. Na baba akishindwa kulala, akawa mkali kupita alivyokuwa au kunywa kupita kiasi, usingoje avunje kitu: tafuteni daktari, hapa Bugando wapo wa afya ya akili. Kwa mtoto anayeumizwa kuna namba 116, na kituo cha polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto.

Sasa yaliyoniudhi.

Mirathi ilipewa muda mdogo mno, tena jioni ya mwisho watu wakitazama saa ya basi. Wajane wetu wanaumia hapo kuliko mahali pengine. Mwanasheria alijitahidi: cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, kisha maombi mahakama ya mwanzo. Akagusia kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kwamba mwanamke na mwanamume walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume, sheria inawadhania kuwa wameoana, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Mikono ikainuka chumba kizima, maana kota zimejaa wanawake wa namna hiyo, na muda ukaisha. Mada hii ilistahili asubuhi nzima.

Vitini vingi vilikuwa vya Kiingereza. Wawezeshaji waliongea Kiswahili safi, halafu ukifika nyumbani huna cha kumpa mwenzako asome. Mimi nimekaa na daftari langu nikaandika upya kwa Kiswahili, lakini tulilipa ada ili tupewe.

Hapakuwa na mahali pa watoto. Warsha ya familia, na mama anayenyonyesha anakaa koridoni anasikia nusu! Na makamanda hawakuwepo. Walialikwa, nasikia, lakini viti vyao vilikaa vitupu hadi mwisho. Yote tuliyofundishwa kuhusu afisa wa zamu yanategemea afisa huyo naye afundishwe kwamba mwenyekiti wa kina mama akija mlangoni, ajibiwe. Kwa hili nawaomba waandaaji wasifanye tena bila wao.

Chakula kilitosha, sato wa kutosha na chai ya asubuhi, vimo ndani ya ada. Nauli na malazi ni juu yako. Wa mbali watafute wenyeji, na anayekuja na basi ashukie stendi ya upande anakotoka, kisha achukue daladala ya mjini.

Anayeanza uongozi aende. Padri, shehe, mwalimu wa shule iliyo karibu na kambi, waende. Aliyekwisha kusomea ushauri nasaha atayakuta mengi anayoyajua, huyo aombe kuingia siku ya mada ya habari mbaya tu kama watamruhusu. Mjane anayetafuta msaada wa mirathi asilipe ada hii, aende moja kwa moja kwenye msaada wa kisheria, atahudumiwa vizuri zaidi.

Daftari langu la Kiswahili liko kwangu, linaazimwa. Mwenye mume anayeondoka karibuni aje kwanza tujaze zile namba za ndugu, yeye na mumewe pamoja, kabla begi halijafungwa.