Uzoefu wangu na ikwalaiza pasivu: tamu, ila bila priampu ya maana ni boksi tupu

Niseme mapema: ukinunua ikwalaiza pasivu, yaani boksi la kurekebisha besi na sauti za juu lisilotumia umeme, umenunua nusu ya kifaa. Nusu ya pili ni priampu (kikuza sauti cha mwanzo, kama cha maiki) utakayoiweka baada yake, pamoja na namna utakavyoziunganisha. Wengi wanaolalamika kwamba maboksi haya yanavuma, au kwamba hayana lolote la kuzidi plagini (programu ya kompyuta inayofanya kazi ya kifaa kama hiki), nadhani wanalibebesha boksi lawama za ile nusu nyingine. Hata hivyo hili langu lina kasoro zake lenyewe, na sitalifichia.

Ni la chaneli moja, la kujiunganishia mwenyewe: unaletewa vipande, unakaa na risasi na pasi ya kulehemu. Limeiga sehemu ya pasivu ya Pultec EQP-1A, ile ya Marekani ambayo Eugene Shenk na Ollie Summerlin wa Pulse Techniques walianza kutengeneza miaka ya 1950. Ndani ya Pultec kulikuwa na vitu viwili: mtandao wa koili, kapasita na rezista usiokula umeme kabisa, halafu ampu ya vali ya kurudisha nguvu iliyopotea njiani. Langu lina hicho cha kwanza tu, pamoja na transfoma ya kutokea. Halina waya wa umeme, halina taa, halina hata swichi ya kuwashia.

Hiyo nguvu iliyopotea ndiyo inayowachanganya wageni. Mzunguko pasivu hauna uwezo wa kuongeza kitu. Kazi yake ni kupunguza. Kwa hiyo unaanza kwa kuishusha sauti yote, kama desibeli 16 hivi, halafu unapozungusha nobu ya kuongeza besi inakurudishia sehemu ya chako mwenyewe. Nobu zote zikiwa sifuri, volteji inayotoka ni kama moja ya sita ya iliyoingia. Ukilichomeka moja kwa moja kwenye kadi ya sauti utasikia muziki uko mbali, umepooza, na utashawishika kufungua boksi kutafuta waya uliokatika. Hakuna kilichokatika.

Njia niliyotulia nayo ni hii: soketi ya kutoka ya kadi ya sauti inaingia kwenye ikwalaiza, ikwalaiza inaingia kwenye priampu ya maiki, priampu inarudi kwenye soketi ya laini ya kadi. Umeme wa fantomu wa volti 48, ule ambao priampu hutuma kwenye maiki, uzimwe kabla hujachomeka chochote. Hili silifanyii mzaha, maana transfoma na koili hazipendi mkondo wa moja kwa moja kupita ndani yake. Kiwango pia kina akili yake. Priampu nyingi za maiki zinasongwa haraka ukizipa sauti ya laini, yenye nguvu kuliko ya maiki, lakini baada ya kupoteza zile desibeli 16 unabaki na kitu zinachokimudu, mradi usiusukume wimbo hadi dari unapoutoa kwenye kompyuta. Mimi naacha vilele vifike karibu -6 dBFS (desibeli 6 chini ya dari ya kidijitali), naongeza priampu hadi ujazo urudi ulipokuwa, basi. Kelele za priampu sizioni shida hapo, kwa sababu sauti bado ina nguvu nyingi kuliko maiki ingekuwa nayo.

Sasa impidansi, yaani ukinzani ambao kifaa kinauonyesha kwa sauti inayoingia, unaopimwa kwa omu; jambo ambalo karatasi ya maelekezo ililipitia kwa mstari mmoja. Mtandao wa boksi hili umekokotolewa ukitarajia kuona omu 600 kwenye kifaa kinachoupokea. Priampu yangu ina omu 1,500. Tofauti hiyo haiishii kwenye ujazo tu, inagusa umbo la sauti: nilipopitisha mawimbi ya kupanda kutoka 20 Hz hadi 20 kHz nobu zote zikiwa sifuri, nikayarekodi na kuyatazama kwenye kichanganuzi, mstari haukuwa mnyoofu. Juu kabisa kulikuwa na kilima ambacho hakuna aliyekiomba. Dawa yake ni rezista ya omu 1,000 kati ya pini 2 na pini 3 upande wa priampu. Omu 1,500 sambamba na 1,000 zinakupa 600 kamili. Niliichomelea ndani ya plagi ya XLR yenyewe, ile ya pini tatu ya kebo za maiki, nikaizungushia kipande cha tepu kebo hiyo ili isije ikachukuliwa kwa kazi nyingine. Nikapima tena, mstari ukalala. Rezista ni kitu cha bei ya kutupa, lakini ndiyo iliyolifanya boksi lisikike kama lilivyokusudiwa. Kama priampu yako ina impidansi nyingine, fanya hesabu yako; usinakili namba yangu.

Upande wa programu kuna kazi moja tu: kupima ucheleweshaji. Programu nyingi za kurekodia zina plagini ya kuingiza kifaa cha nje, yenye kitufe cha kutuma mlio na kupima unachukua muda gani kurudi. Kibonyeze kila unapobadilisha bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukichakata). Na ukiona wimbi lililorudi linaanza kushuka pale la asili lilipoanza kupanda, polariti imegeuka. Kwangu ilikuwa imegeuka, kwa sababu mchoro ulioletwa na vipande ulikuwa umebadilisha waya mbili za transfoma ya kutokea. Niliwaandikia waliouza. Wakajibu kwa upole kwamba "haisikiki". Kwenye chaneli iliyo peke yake ni kweli haisikiki. Ichanganye na maiki ya pili ya ngoma ileile uone besi inavyotoroka.

Tuje kwenye utamu. Chini unachagua 20, 30, 60 au 100 Hz, na kwa masafa hayohayo una nobu mbili: ya kuongeza na ya kupunguza. Akili ya kawaida inasema ukizifungua zote mbili zitafutana. Hazifutani, kwa sababu mikunjo yake haianzii mahali pamoja. Kiki (ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu) ikiwa imejaa tope, naweka 60 Hz, naongeza hadi 5, napunguza hadi 3 au 4. Chini panabaki na uzito, na juu yake kidogo, kwenye yale mamia ya Hz yanayoifanya miksi isikike kama iko ndani ya debe, panazama. Ni mkunjo mmoja laini ambao kwenye ikwalaiza ya kawaida ungeuchora kwa bendi mbili na bado ukabaki unabishana nao. Kwa gitaa la besi naenda 100 Hz, kidogo tu. Ile ya 20 siigusi sana; spika zangu hazifiki huko, na sirekebishi nisichokisikia.

Juu kuna 3, 4, 5, 8, 10, 12 na 16 kHz pamoja na nobu ya upana. Vokali inapendeza kwenye 10 au 12 upana ukiwa wazi kabisa. Unaweza kuzungusha kwa kiasi ambacho kwenye plagini zangu nyingine kingekuwa kimeshaanza kukwaruza masikio, na hapa mwimbaji anasogea mbele tu. Herufi za "s" zinaamka, hilo halikwepeki, kwa hiyo kipunguza "s" nakiweka kabla ya boksi, si baada yake. Matoazi makali nayatuliza kwa nobu ya kupunguza ya juu ikiwa kwenye 20 kHz, na sauti yao haifi.

Je, ni koili zinazofanya hivyo? Sehemu tu, kwa maoni yangu. Mikunjo mipana ndiyo yenye kazi kubwa, na mikunjo hiyo plagini nzuri za Pultec zinaipata. Nilipobadilisha priampu safi kwa nyingine yenye transfoma, tofauti ilikuwa kubwa kuliko kati ya boksi na plagini. Ile safi iliniachia mkunjo peke yake. Ile ya transfoma ilinenepesha besi na kuipa vokali punje fulani ninayoipenda kwenye nyimbo za taratibu na kuikwepa kwenye zenye mbio. Hapo ndipo boksi tupu linapogeuka neema, kwa sababu hakuna ampu uliyolazimishwa kuishi nayo.

Kero kubwa ni mvumo. Koili ni antena ya sumaku, na boksi hili limevishwa alumini, ambayo haizuii sumaku ya masafa ya umeme wa ukutani. Likiwa juu ya pawasaplai linavuma, na ukiongeza besi kwenye 60 unauongeza mvumo huohuo kwa mkono wako. Usianze kukata skrini za waya, ule wavu wa chuma ulio ndani ya kebo. Vaa hedifoni, ongeza priampu bila muziki, kisha ligeuze boksi polepole mkononi. Kuna pembe ambayo mvumo unazama ghafla. Langu limekaa upande, kama kitabu rafuni, mbali na kifaa chochote chenye transfoma. Halipendezi machoni, ila liko kimya. Kwa bei waliyoliuzia, wangezifunika koili kwa mu-metal, aloi inayokinga sumaku, na tusingekuwa na mazungumzo haya.

Nobu hazina hatua. Unarudisha mpangilio wa jana kwa picha ya simu na kubahatisha, kwa hiyo mimi narekodi matokeo papo hapo na kusonga mbele. Ukitaka stirio kwa boksi moja, pitisha kushoto, usiguse nobu hata moja, kisha pitisha kulia. Inakula muda wa wimbo mara mbili, lakini pande zote zinapita kwenye vipande vilevile na zinalingana. Maboksi mawili yenye potenshometa (rezista zinazozungushwa na nobu) za kawaida hayakuhakikishii hilo, maana namba ileile kwenye nobu inaweza kumaanisha vitu viwili. Kwa kazi ya masteringi, yaani kuupa wimbo uliokwisha kumiksiwa mguso wa mwisho, ningetafuta lenye swichi za hatua.

Anayemiksi nyimbo nyingi na wateja wanaorudi na marekebisho kila kukicha, abaki na plagini. Mwenye priampu nzuri mbili tatu, asiyeogopa pasi ya kulehemu, na anayepitisha vokali, kiki na besi kwenye kifaa wakati wa kurekodi ili akabidhi kazi iliyokwisha kuamuliwa, alichukue. Aagize na rezista chache za omu tofautitofauti, na kabla hajafunga mfuniko aufuatilie mchoro wa transfoma ya kutokea waya kwa waya.