Mafundi wa mashua pwani ya Bagamoyo: kukwangua wanajua, kungoja hawataki

Kazi yote inafanyika mchangani, karibu na soko la samaki. Mashua inapandishwa kwenye kilele cha bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya au mwezi mpevu, na kusimamishwa kwa gadi (magogo ya kuegemeza) pande zote mbili, na maji hayaigusi vizuri mpaka bamvua lijalo, kama siku 14 hivi. Kwa mashua ya mbao ya mita 7 au 8, muda huo unatosha.

Kazi ya kukwangua tunaipa alama zote. Chaza walioganda kwenye mashua wanatolewa siku ileile wangali wabichi, maana wakikauka wanang'oka na nyuzi za mbao. Rangi kuukuu inatoka kwa kikwangio kikali kinachofuata mkondo wa ubao, kisha msasa namba 80. Ila fundi akileta moto wa gesi, mkatalie. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi na moshi wake ni sumu. Kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao, nayo haina lawama: pamba inagongwa kwa chembeu (patasi ya kalafati) mpaka mlio unakuwa mkavu.

Kasoro zinaanzia hapo. Mashua iliyowahi kupakwa deheni (shahamu iliyochanganywa na chokaa) au sifa (mafuta ya samaki) imeshiba mafuta, na rangi ya dukani haishiki juu ya shahamu. Miezi michache tu inabanduka vipande vipande. Utaona fundi akifuta ubavu mzima kwa tambara moja la petroli, yaani anayatoa mafuta huku na kuyapaka kule. Dai thina na matambara mapya, halafu nyunyiza maji. Yakitandaa, sawa. Yakisimama matone kama juu ya jani la mgomba, afute tena.

Siku ya tatu watataka kupaka. Usikubali kabla ya kubandika kipande cha nailoni angavu kwenye ubao jioni, kingo zote zikizibwa kwa utepe wa gundi. Asubuhi ukikuta umande ndani, ubao bado mbichi na rangi itatoka malengelenge.

Rangi ya shaba ya kuzuia chaza nunua mwenyewe. Hesabu yake: urefu wa majini zidisha kwa jumla ya upana na kina. Mita 7 kwa 2.2 na 0.6 ni karibu mita 20 za mraba. Lita moja hupaka takriban mita 10 za mraba, kwa hiyo mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni lita 4. Chukua 5, ubao mkavu unakunywa. Simama hapo kopo likifunguliwa. Shaba ni nzito, inalala chini, na asiyekoroga mpaka kitako anakupakia maji ya juu tu, kisha anatupa kopo lenye dawa yenyewe.

Ikishushwa, itavuja siku mbili tatu mpaka mbao zivimbe. Fundi akidai pesa ya kalafati ya pili siku ya kwanza, mpe ndoo afue maji.