Startup School: mafunzo ya bure kwa waanzilishi wa kampuni changa

Startup School ni mafunzo ya bure ya mtandaoni yanayotolewa na Y Combinator, taasisi ya Marekani iliyoanza kuwekeza katika kampuni changa mwaka 2005, na kwa maoni yangu thamani yake kubwa iko katika kumsisitizia mwanzilishi azungumze na wateja yeye mwenyewe. Anaelekezwa asimuulize mteja kama wazo lake ni zuri, kwani wengi hulisifu kwa adabu tu; bali amuulize alifanya nini mara ya mwisho alipokumbana na tatizo hilo, na lilimgharimu kiasi gani. Swali hilo linaweza kumwepusha na miezi mingi ya kutengeneza bidhaa isiyohitajika.

Kuhusu mtaji, mkataba wa SAFE, yaani mkataba ambao mwekezaji hutoa fedha sasa ili apate hisa baadaye, na ambao Y Combinator iliuanzisha mwaka 2013, uliandikwa kwanza kwa kampuni za Marekani, hivyo aliyesajili kampuni kwingineko amwone mwanasheria kabla ya kutia saini. Ningependa sana usimamizi wa wafanyakazi upewe nafasi zaidi katika mafunzo haya, hasa namna ya kugawana majukumu na kumwachisha mtu kazi kwa heshima, mambo ambayo huyumbisha hata kampuni zenye wateja wa kutosha.