Dirisha la Wazee Hospitalini: Foleni Imepungua, Pengo Limebaki

Katika hospitali nyingi za umma za Tanzania Bara lipo siku hizi dirisha, au walau benchi lenye tangazo ukutani, lililotengwa kwa ajili ya wagonjwa wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Chimbuko lake ni Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, iliyotaka mzee asiyejiweza atibiwe bila malipo. Tathmini hii inahusu huduma hiyo kama ninavyoiona katika hospitali moja ya wilaya, ambako shangazi yangu huhudhuria kliniki ya presha na sukari pamoja na jirani yetu, mwalimu mstaafu. Wote wawili wamevuka miaka 70 na maradhi yao ni yale yale. Tofauti yao ni kwamba mwalimu alisoma, akaajiriwa na kustaafu kwa pensheni, ilhali shangazi hakuwahi kuingia darasani na amelima kwa jembe la mkono tangu ujana wake.

Kwa upande wa foleni, huduma hii inastahili sifa. Mzee hasimami na umati wa mapokezi, na muuguzi wa zamu ana adabu ya kumwamkia kwanza kabla ya kumfunga mkanda wa kipimo cha presha. Fedha ya kumwona daktari haidaiwi, wala ya vipimo vya kawaida. Huo ni msaada wa kweli kwa mtu ambaye kipato chake hutegemea mavuno.

Ugumu huanzia kwenye dawa. Mara nyingi huwapo sehemu tu ya zilizoandikwa, na zilizosalia mgonjwa huambiwa akanunue nje. Mwalimu hana wasiwasi, kwa kuwa mstaafu aliyekuwa mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya huendelea kutibiwa kwa kadi yake, yeye na mwenzi wake, na kadi hiyo hupokelewa pia katika maduka ya dawa binafsi yenye mkataba na mfuko. Shangazi ana barua ya msamaha wa malipo ya matibabu kutoka kwa mtendaji wa kijiji, ambayo haina thamani yoyote nje ya geti la hospitali. Hununua dawa za wiki moja, zikiisha husubiri mtoto wake atume fedha, na katika kusubiri huko presha hupanda bila yeye kuhisi chochote, maana presha haina kawaida ya kuuma. Mgonjwa anayeacha dawa na kuzirudia namna hii ndiye anayekaribia kiharusi, ingawa katika daftari la kliniki anahesabiwa kuwa anatibiwa sawasawa na mwenzake.

Hata dawa zinapopatikana zote, maelezo yake huandikwa juu ya kipakiti kwa kalamu, «1x2» au «1x3», na mtoa dawa huyatamka mara moja huku akimwita mgonjwa anayefuata. Mwalimu huyasoma nyumbani, na akitilia shaka huuliza. Shangazi hukariri vidonge kwa rangi na ukubwa. Yalipoletwa matoleo ya kiwanda kingine, kidonge alichokizoea kikiwa cheupe kikawa cha njano, naye akakiacha kwa kuamini kuwa amepewa dawa ya mtu mwingine. Alipoulizwa kliniki, «Bibi, dawa unakunywa?» alijibu, «Nakunywa, mwanangu,» na hakusema uongo, kwa kuwa alikunywa zile alizozitambua. Muuguzi mmoja pale huchora jua na mwezi juu ya vipakiti vya wazee wasiosoma. Ningependa utaratibu huo uwe wa dirisha zima badala ya kutegemea wema wa mtu mmoja.

Anayedhani kwamba kufuta malipo kunatosha na aangalie Uingereza, ambako matibabu ya umma yalianza kutolewa bila malipo mwaka 1948. Uchunguzi wa Whitehall, ulioanza mwaka 1967 miongoni mwa watumishi wa serikali wa kiume jijini London, ulionyesha kuwa waliokuwa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kilichozidi mara tatu kile cha wakubwa wao, na uvutaji sigara na presha vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Hao wote walikuwa na mshahara na ofisi. Shangazi ametumia miaka mingi akipika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha, na magoti yake yamechakaa shambani. Kikohozi na maumivu hayo anayaita uzee, kwa hiyo hayataji kwa daktari, na daktari mwenye msururu wa wagonjwa mlangoni hamdadisi.

Nauli nayo haimo katika msamaha. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkaazi aliyefikisha miaka 70 Pensheni Jamii, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Bara hakuna malipo ya namna hiyo kwa wazee wote, na naona dirisha hili litaendelea kuchechemea mpaka yawepo.

Kwa foleni na heshima ningelipa dirisha hili alama za juu, kwa dawa alama za chini, na kwa maelezo ya dawa za chini zaidi. Mwenye kadi ya bima ya mstaafu haongezewi mengi nalo zaidi ya kupishwa. Anayempeleka mzee mwenye barua aanze kwa ofisa ustawi wa jamii asubuhi kabla ya kwenda dirishani, achukue na vipakiti vya dawa za mwezi uliopita, pamoja na vile ambavyo havijaguswa, avimwage mezani mbele ya daktari.